Siku ya Kupima Baa ya Mawe

Jumamosi, tarehe 14 Agosti 2004, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa mlangoni kwetu Ngara nimeshika mfuko wenye penseli, sweta na ndizi mbili, na mama amesimama katikati ya mlango huo huo, kitambaa cha vyombo begani. Safari yangu ilianzia hapo, na nusura iishie hapo.

Sababu ya kwenda ilikuwa hii. Muhula wa tatu ukifunguliwa, sisi wa kidato cha pili tunachagua masomo. Mama alishanichagulia Sayansi Kimu. Mimi nataka Uchoraji wa Majengo, lakini sikuwa nimewahi kumwambia kwa sauti ya kusikika. Nilimwambia Mjomba Kiarie, mdogo wake mama, ambaye anachora ramani katika ofisi moja ya mjini. Wiki hiyo mwenzake wa kumshikia tepu alikuwa amekwenda matangani, na mjomba alikuwa na jengo la kupima kabla ya Jumatatu. Basi akamwomba mama aniazime siku moja.

"Akiweza, dada, mwachie achague hiyo kitu anataka," alimwambia. "Akishindwa, mimi mwenyewe nitamnunulia aproni."

Mama alicheka, akakubali. Lakini alikubali kabla hajauliza ni jengo gani.

"Baa?" aliuliza sasa, pale mlangoni.

"Ni jengo ya kitambo, dada. Ya mawe. Mzungu alijenga."

"Sijauliza nani alijenga. Ndani kunauzwa nini?"

Mjomba aliangalia viatu vyake. Mama yangu ni mwenyekiti wa kina mama kanisani na aliokoka kabla mimi sijazaliwa. Chini ya gorofa yetu kuna baa, na kila akipita hapo hugeuza uso upande wa barabara kama mtu anayepita karibu na moshi wa takataka. Nilijua safari imekwisha. Lakini mama akishatoa neno halirudishi, hata likimuuma. Akaniwekea masharti: tuondoke kabla wateja hawajajaa, nisiketi kiti cha humo, na nisinywe chochote ndani.

"Hata soda," akasema. Kisha akafikiri kidogo. "Hata maji."

Niliitikia kwa kichwa. Mambo mengi mimi huitikia kwa kichwa.

Tulishuka ngazi hadi kwenye pikapu ya ofisi, tukapanda kilima cha Makumbusho. Ilikuwa ile asubuhi ya Agosti ambayo jua linajulikana lipo kwa kuambiwa tu. Mjomba alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja na kunifundisha kwa mwingine. Tepu yake ndefu alipewa na mwalimu wake alipomaliza chuo, na ilishakatika mdomo miaka mingi, kwa hiyo haianzi sifuri. Anayeishika mwanzo anaiweka ukutani kwenye alama ya kumi, na yule anayeandika anatoa kumi.

Nilimuuliza kwa nini hanunui nyingine.

"Hii haijawahi nidanganya. Ni mimi tu nahitaji kukumbuka iko na kasoro. Watu wangapi unaweza sema hivyo juu yao?"

Halafu akanieleza utaratibu, na huo ndio ulionitia baridi zaidi ya hewa ya dirishani. Anayesoma kipimo anakisema kwa sauti. Anayeandika anakirudia. Anayesoma anajibu "ndio". Bila "ndio" mjomba haandiki kitu, kwa sababu ramani ikishakosewa, fundi anavunja mahali ambapo hapakustahili kuvunjwa. Nikahesabu moyoni ni mara ngapi nitahitaji kupaza sauti siku hiyo, nikaacha kuhesabu.

Westlands maduka yalikuwa yanafungua vyuma. Walinzi walikuwa wanapokezana zamu wakipuliza vidole, na mbele ya majumba ya vioo mtu alikuwa anaosha njia ya miguu kwa mpira. Niliyaangalia majumba yale nikitafuta yanaanzia wapi na kuishia wapi, lakini kioo hakikuambii kitu, kinakurudishia uso wako tu. Tukakunja kuingia barabara ya Lower Kabete. Hapo mji unapungua. Kuna nyua ndefu za michongoma, malango ambayo nyumba zake huzioni, kisha mibuni, safu kwa safu, yenye umande. Nilikula ndizi ya kwanza.

Kama saa tatu hivi tulifika. Kuna kibao cha mbao kinachoning'inia kwenye nguzo ya chuma, na juu yake pamechorwa mbweha mwekundu anayekimbia. Watu wa hapo hawana habari na mbweha, kwao ni mbwa tu, na mahali pote panaitwa Kwa Mbwa. Mwanamke wa maziwa tuliyemuuliza njia alituambia, "Endeni mpaka Kwa Mbwa, huwezi kosa."

Kweli huwezi kukosa. Nilikuwa sijawahi kuona jengo lililoinama kama lile. Halijainama kwa kuanguka, limeinama kama mtu aliyevuta blanketi hadi masikioni. Paa limesimama wima sana na kushuka chini sana, hadi mjomba angeweza kugusa ukingo wake bila kuruka. Kuta ni za mawe ya kijivu ya huku kwetu, yaliyochongwa kwa mkono, na ukikaribia unaona alama za patasi zimelala kila moja upande wake, kama mwandiko wa watu tofauti. Madirisha ni madogo na kila moja limegawanywa kwa vijiti vya madini ya risasi katika vioo vidogo vya umbo la almasi. Katikati ya paa kumesimama bomba la moshi la mawe, pana kama kitanda.

Mwenyeji wetu alikuwa Mama Atieno, meneja wa pale, mwanamke mrefu aliyefunga leso juu ya koti la baridi. Alimsalimu mjomba, kisha akaniona mimi nimebaki nje ya mlango.

"Na huyu mbona amesimama nje kama mtu anadai?"

Mjomba akamweleza habari za mama na masharti yake. Nilitamani ardhi inimeze, lakini Mama Atieno hakunicheka. Alisema hata yeye huimba kwaya, na kila asubuhi kabla ya kufungua kaunta huomba wateja wafike nyumbani salama. "Lakini kama mama amesema, amesema. Ingia ufanye kazi, nyathina. Kazi si dhambi." Aliniambia neno hilo maana yake mtoto wangu.

Mlango ni mfupi. Mjomba aligonga paji la uso, na Mama Atieno akasema kila mtu mrefu hulipa kiingilio hicho mara moja tu.

Ndani kulikuwa na giza zuri. Sijui niseme vipi. Kulinuka moshi wa kuni, nta ya sakafu, na kwa mbali bia ya jana. Juu ya kichwa kulikuwa na maboriti makubwa ya mutarakwa, ule mwerezi wetu wa milimani, yaliyopakwa rangi nyeusi. Mjomba alisema waliyapaka yafanane na mti wa Uingereza ambao ukizeeka huwa mweusi wenyewe. Juu ya kaunta pametundikwa picha ya zamani katika fremu: jengo lile lile, kibao kile kile, lakini limezungukwa na theluji. Nilidhani ni hapo hapo. Kumbe ni baa ya kijijini kwa yule Mzungu, na alipokuja huku kulima kahawa aliikumbuka sana, akaamua kuijenga upya, kitu kwa kitu.

"Kitu kwa kitu," Mama Atieno alisema. "Hata paa ya kumwaga theluji. Theluji yenyewe tunangoja mpaka leo."

Kisha akatuonyesha kona ya upande wa kusini, yenye dirisha kubwa kuliko mengine na benchi refu chini yake. Kwa Waingereza jua la baridi hupita kusini, kwa hiyo hiyo ndiyo kona ya wazee kujiotea. Mzungu aliinakili vile vile. Lakini Nairobi miezi ya baridi jua hupita kaskazini, na kona hiyo hailioni hata kidogo. Niliweka mkono juu ya benchi. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Wateja huita kona hiyo Limuru, kama ule mji wa baridi wa huko juu.

Jengo lina vyumba viwili. Kikubwa kina sakafu ya mawe, na huko kwao kilikuwa cha vibarua wenye buti za matope. Kidogo kina sakafu ya mbao, cha mabwana. Kila kimoja kina mlango wake wa nje, na ukuta kati yao hauna mlango kabisa, ili wasionane. Nilimuuliza Mama Atieno watu wetu walikuwa wanaingilia wapi. Alinionyesha kidirisha nyuma ya jikoni, cha kupitishia sahani. "Hapo," alisema. "Hawakuingia. Mikono ndiyo iliingia." Sasa mwenye baa ni mzee mmoja wa Kikuyu mjini, na anataka vyumba viwe kimoja. Jumatatu fundi angekuja kuvunja mlango kwenye ule ukuta wa katikati, karibu na jiko la moto lililo katika ukuta huo huo, upande wa chumba kikubwa. Kazi yetu ilikuwa kumwonyesha fundi avunje wapi.

Tukaanza. Mara ya kwanza nilisoma kipimo, mjomba akauliza "Ee?" Mara ya pili akauliza tena. Mara ya tatu Mama Atieno, aliyekuwa anafuta glasi kaunta, akakirudia yeye kwa sauti yake ya kwaya, wakacheka wote wawili, nami pia. Baadaye ikawa rahisi. Kuna kitu kizuri katika kusema jambo ambalo si maoni yako. Ukuta una urefu wake, wewe unautangaza tu. Kufikia saa nne na kitu nilikuwa nasema kutoka upande wa pili wa jengo na mjomba ananisikia, anarudia, nasema ndio. Tulipima ndani ya chumba kikubwa, ndani ya kidogo, kisha nje, kona hadi kona, miguu yangu ikilowa kwenye majani.

Mjomba aliketi kwenye benchi la Limuru kujumlisha. Nikaona penseli inasimama. Akajumlisha tena. Ukiunganisha vyumba viwili na kuta zote, jengo lilikuwa fupi kwa ndani kuliko nje, karibu mita nzima.

"Nyambura, ulikuwa unasoma vile tepu inasema?"

Nikasema ndio.

"Kila mara?"

Hapo ndipo nilipofanya ninachofanya siku zote. Darasani mwalimu akiniuliza mara mbili, hata kama najua, husema nimekosea ili nikae chini na watu waache kuniangalia. Nilimwambia mjomba labda nilikosea.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema tu si neno, siku ya kwanza ni siku ya kwanza, atayagawa makosa kidogo kidogo kwa vyumba vyote viwili na ukuta wa katikati atauchora unene kama kuta nyingine. Akatoa kifutio. Nilijua kifutio kile kinafuta nini. Nikaiona aproni, nikaiona hata rangi yake.

Mama Atieno akaniletea chai. Nikamkumbusha masharti kwa kunong'ona, naye akasema basi nikainywe nje, nje si ndani. Niliketi kwenye kizingiti, miguu yote miwili upande wa majani, nikajiambia mama hakuzungumzia vizingiti. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi.

Kisha nikatembea majanini na kikombe mkononi, nikageuka, nikauona ukuta wa mbele wote. Dirisha la mwisho la chumba kikubwa liko hapa, la kwanza la chumba kidogo liko kule, na kati yake kuna mawe matupu, mengi. Ndani sikuwa nimeona mawe mengi hivyo. Nikainua macho. Juu ya mahali hapo ndipo lilipokaa lile bomba la moshi, pana kama kitanda. Na jiko la ndani lililotakiwa kutoa moshi wake humo halikuzidi dawati langu la shule. Nani anachemsha yai moja kwa sufuria ya harusi?

Niliweka kikombe chini. Chai haikuwa imeisha. Nilisimama mbele ya mjomba nikasema.

"Ee?" alisema, bila kuinua kichwa.

Basi nikatumia ile sauti ya vipimo.

"Anko, sikukosea. Ukuta ndio mnene."

Aliinua kichwa. Sijui kama alifanya makusudi au ni mazoea tu, lakini aliyarudia maneno yangu kama tulivyokuwa tukifanya.

"Ukuta ndio mnene?"

"Ndio."

Akaweka kifutio mfukoni. Tulitoka nje wote watatu, nikawaonyesha madirisha na bomba. Kisha tukarudi ndani na mjomba akagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, kuanzia kona. Gumu. Gumu. Alipokaribia jiko, plasta ikaitika kama debe tupu. Upande wa pili wa jiko ikaitika vile vile. Mama Atieno akaweka mkono mdomoni. Akampigia simu mwenye baa, na mzee akasema kama Jumatatu wanavunja, Jumamosi shimo dogo la ukubwa wa sahani lina ubaya gani.

Mjomba alitoboa kando ya jiko. Plasta ilianguka, kisha matofali mawili, si mawe, matofali. Shimo lilikuwa usawa wa kifua changu, kwa hiyo tochi nikapewa mimi.

Ndani kulikuwa na chumba. Nasema chumba, ingawa ni jiko: jiko kubwa la zamani, la kuingia na kuketi, lenye benchi la jiwe kila upande, na kuta nyeusi kwa masizi. Kutoka juu ulining'inia mnyororo wenye kulabu ya kutundikia birika. Juu ya mabenchi na kwenye njia ya moshi kulikuwa kumejaa vijiti na nyasi, viota vya ndege vya miaka. Boriti moja nene ilikuwa imebeba mawe yote ya juu, bomba lote, mgongoni mwake. Hilo jiko dogo la sasa lilikuwa limejengwa tu mdomoni mwake, kama mtu aliyefunika mlango kwa kabati.

Nilieleza kila nilichoona, kwa sauti, na mjomba akaandika. Hakuniuliza jambo lolote mara mbili.

"Ndio maana inatuletea moshi," Mama Atieno alisema. "Miaka yote nalaumu kuni."

Kwa nini yule Mzungu aliliziba, hatukujua. Mjomba alidhani aliwasha moto mkubwa wa kwao mwaka wa kwanza, akakuta watu wanatoka jasho, kwa sababu baridi ya Kabete ni kali lakini haikai. Paa hakuweza kulibadilisha, basi akapunguza moto. Halafu mjomba akaiangalia ile boriti kupitia shimo. Mahali alipotaka kumchorea fundi mlango ni pale pale inapolalia.

"Jumatatu wangeguza hapa," alisema polepole, "hiyo mawe yote ingewakalia kichwani."

Tulianza kurudi kama saa nane, magari ya wateja wa kwanza yakiingia. Mama Atieno alinishika mkono dirishani mwa pikapu, akasema jiko likifunguliwa nimlete mama aje aote moto, mchana, kabla ya kufungua kaunta. Nilisema nitamwambia, ingawa nilijua mama hatakuja. Nilikula ndizi ya pili Westlands, katikati ya msongamano, na mjomba alikuwa anapiga mluzi.

Ngara, mama alikuwa amekaa akichambua mchele. Kabla ya salamu alisema, "Kuja hapa karibu." Akaninusa nywele, sweta, viganja.

"Moshi," alisema kwa mshangao.

"Ni masizi, mama."

"Ulikunywa nini?"

"Chai. Nje. Miguu ilikuwa nje."

"Na kikombe?"

Nilisema kikombe kilitoka ndani. Mama alifikiri. "Hiyo kikombe tutaiombea," akasema, na mjomba akageukia dirishani mabega yakimtikisika.

Halafu mjomba akaanza, "Sasa dada, ile mambo ya masomo," nikamkata. Sijawahi kumkata mtu mzima. Mimi mwenyewe nilimwambia mama kwamba nataka Uchoraji wa Majengo, sitaki Sayansi Kimu, na kwamba leo nilisoma vipimo, mjomba akavirudia, nikasema ndio, na havikuwa na makosa. Mama alimtazama mjomba. Mjomba akasema, "Hakukosea. Mimi ndio nilitaka kukosea." Mama akarudi kwenye mchele wake. Alichambua sinia nzima, akauosha, akaubandika. Usiku wote hakulitaja tena jambo hilo, na nililala sijui kama amekubali.

Niliyoyaona nimeyaandika hapa nisiyasahau. Kwamba mtu anaweza kulibeba jengo kichwani kuvuka bahari, na jua likakataa kumfuata. Na kwamba nje na ndani visipolingana, si lazima aliyepima awe ndiye mwenye makosa.

Asubuhi ya leo, Jumapili, niliamka nikakuta mama amesimama sebuleni kwa gauni la kanisani, kilemba bado hajafunga, anaitazama tepu ya mjomba mezani. Mjomba aliiacha, sijui kwa kusahau. Mama amekuwa akisema miaka yote kwamba kabati la marehemu cucu, nyanya yangu, lililo kwa shangazi, haliwezi kuingia kati ya dirisha na mlango wetu. Aliokota mdomo wa tepu.

"Nishike wapi?"

"Kwa kumi, mama. Weka kumi ukutani."

Akaenda akaiweka kumi ukutani, kilemba kikimtoka mkononi, nami nikavuta upande wangu hadi mlangoni, nikasoma. Mama akakirudia kipimo kwa sauti ya kutosha kusikika hadi ngazini, kisha akaniangalia, anangoja.

"Ndio," nikasema.